Gari Lililoogopa Uzito

Miaka ile ya tisini, mtu wa mtaa wa Umoja, Nairobi, akiwa na gari la familia alikuwa mheshimiwa wa ploti nzima. Kivuva wa Ndeti alilipata lake mwaka wa tisini na sita: Townace ya dizeli, rangi ya fedha, imeshushwa Mombasa kutoka Japani na bado ina stika za Kijapani kwenye vioo. Stika hizo hakuzibandua. Nailoni ya viti nayo hakuitoa, ijapokuwa watoto walilia mapaja yakinata wakati wa joto. Jamani, karani wa stoo wa kiwanda cha sabuni kule Baba Dogo, aliyegombania mabasi tangu ujana wake, leo ana gari la viti vinane! Mwacheni ajidai kidogo.

Shida ni kwamba hakujidai kidogo. Kila Jumapili baada ya kanisa alilitoa gari kivulini na kuanza kuliosha, na jirani yake Phares, mtu wa reli, naye akalileta lake, Nissan Homy kuukuu, pana, yenye pua iliyogongwa na kunyooshwa na fundi ambaye ni wazi alikuwa na haraka. Wake zao walijua kwamba chai ya saa nane itapoa. Wanaume wale wawili waliosha magari kwa maji ya ndoo mbili na kubishana kwa maneno ya mapipa.

Phares alikuwa mtu wa starehe. Gari la familia, alisema, ni mtu kunyoosha miguu, bibi kulala njiani, mama mkwe kushuka bila kushika kiuno. Homy yake ilikuwa na mapazia, viti vya kitambaa na nafasi nyuma ya kumlaza ndama. Kivuva naye alikuwa na viti vya katikati vinavyogeuka watu wakatazamana kama wako sebuleni, na dirisha la paa, na kiyoyozi ambacho hakikuwahi kuwashwa hata siku moja kwa kuwa kinakula mafuta. Hapo ndipo kila mjadala wake ulipoishia: mafuta. Atakusifia viti, atakusifia dirisha, kisha atakushika mkono na kukunong'oneza jinsi Townace inavyoramba dizeli tu, hainywi, na kwamba Homy ni pipa lililotoboka. Phares alicheka. Ulevi wa gari lake aliujua na hakuuonea haya.

Mgala muue na haki umpe: ubahili wa Kivuva ulikuwa na mizizi. Mvua ilikuwa imekosekana kwao Mbooni, Ukambani, misimu miwili mfululizo, na unga aliokula mama yake, Nzisa, ulitoka Nairobi kwa mfuko wa Kivuva. Mama huyo alilima maisha yake yote na kusomesha watoto kwa jembe, na sasa alikuwa akipokea unga wa dukani kwenye paketi. Aliupokea kwa shukrani, akainamisha macho. Kivuva hakuyaona macho. Aliona tu kwamba ametimiza wajibu, na kwamba tone la dizeli lisilomwagika ni kijiko cha unga kwa mama.

Kisha ikaja ile mvua ya El Niño, iliyobomoa madaraja na kuozesha kuta. Kwa wengi ilikuwa balaa, lakini miteremko ya Mbooni iliinywa ikashiba. Kufikia Pasaka ya tisini na nane, Nzisa akatuma neno kwa kila aliyekuwa akishuka Nairobi: mwambieni Kivuva aje, na aje na gari. Asije na basi, aje na gari. Kivuva alipopata ujumbe huo kwa mara ya tatu alitabasamu hadi masikioni. Alidhani mama anataka majirani walione.

Alimwalika Phares na familia yake, na kabla ya chai kunyweka mashindano yakawa yamezaliwa. Mnafahamu wanaume. Wangejaza matangi yote mawili hadi shingoni kwenye kituo kimoja cha mafuta, waende Mbooni, warudi, wajaze tena kwenye pampu ile ile, na pampu iseme nani ana gari la familia na nani ana pipa. Hapakuwa na zawadi. Zawadi ilikuwa kunyamaza kwa mwenzako Jumapili zote za mbele.

Usiku wa kuamkia safari Kivuva aliipunguza Townace uzito kama mtu anayemwandaa bondia. Alitoa jeki, akatoa sanduku la vifaa, akashusha hata gurudumu la akiba akamwachia bawabu. Mkewe Nthenya alipoleta birika na thamosi, aliambiwa achague moja. Akamtazama mume wake, akarudisha zote mbili ndani.

Safari ilikuwa nzuri kwa Homy. Katika Townace madirisha yalifungwa ili upepo usizuie gari, na katika miteremko Kivuva aliweka gia huru, gari likateleza kimya huku Nthenya akikanyaga breki asizokuwa nazo. Nyuma yao Phares alipiga honi na kuimba na watoto wake. Walifika, na Nzisa akawakumbatia mmoja mmoja, wageni kwanza, akatumia Kiswahili chake chote kwa Perez, mke wa Phares, hata akamwita binti yake. Walikula, walisali, walilala. Jumatatu ya Pasaka, saa ya kuondoka, mama akafungua mlango wa stoo.

Mwaka mzima alikuwa akiingoja saa hiyo. Ukambani gari la mtoto halitoki kwa mama likiwa tupu. Hiyo si sheria ya kuandikwa, ni mambo ambayo mtu hukua nayo tu. Kwa misimu miwili watoto wake walikuwa wametoka mikono mitupu, na yeye akaingia ndani haraka ili asiwaone wakienda. Sasa stoo ilikuwa na mahindi, ndengu, kunde, maboga, na magunia yalikuwa yameshonwa midomo tayari. Aliliburuta la kwanza mwenyewe hadi mlango wa nyuma wa Townace, mwanamke wa umri ule, akakataa kusaidiwa.

"Ndengu hizi nimezipura kwa mikono yangu," alimwambia mwanawe. "Ni malipo ya unga ule ulionilisha."

Kivuva alilitazama gunia, na ndani ya kichwa chake, Mungu amsamehe, hakuona ndengu. Aliona ile milima ya njia ya kurudi kupitia Machakos na pampu ikizungusha tarakimu. Mdomo ukatoa uongo kabla moyo haujaamka.

"Mwaitu," alisema, kwa jina ambalo Mkamba humwita mama yake, "gari hili ni la watu, si la mizigo. Springi zake ni dhaifu. Nitarudi baada ya wiki mbili nizichukue zote."

Springi zilikuwa nzima kabisa. Nthenya alijua, Phares alijua, hata watoto walijua, maana walizisikia zikisifiwa kila Jumapili. Mama ndiye pekee ambaye hakujua. Alisimama na mkono juu ya gunia, akitazama matairi kwa makini, kama anayemtazama mgonjwa.

Phares akaokoa jahazi, au alidhani anaokoa. Alifungua mlango wa nyuma wa Homy na kusema yaletwe yote kwake, Umoja ni Umoja, yatashushwa kwa Baba Mbithi huko huko. Baba Mbithi ndiye Kivuva. Mbithi ni mwanawe wa kwanza. Na hapa ndipo penye aibu yenyewe. Mtu mwenye akili angesema hapana, haya ni ya mama yangu, nitayabeba mimi hata kama ni kwa mgongo. Kivuva hakusema hivyo. Alipiga hesabu ya haraka: Homy ikipanda milima na magunia yote yale, itakunywa mara mbili. Akashika pembe ya gunia la kwanza, akasaidia kulipandisha kwenye gari la mwenzake.

Magunia yakaenda moja baada ya jingine hadi Homy ikakaa chini kwa nyuma. Nzisa aliyasindikiza kwa macho. Alikuwa na kiondo alichokisuka wakati wa kiangazi, wakati ambapo hapakuwa na la kupalilia, na ndani yake mayai yaliyofungwa kwa majani ya migomba. Alikitoa mwishoni, akasimama nacho katikati ya magari mawili, kisha akampa Perez. Kivuva aliwasha gari. Alijiambia kwamba mayai yangevunjika.

Basi alishinda. Alishinda vibaya sana. Kwenye kituo cha mafuta mhudumu alijaza Townace, shingo ikafurika mara moja, kisha akashika Homy na pampu ikazunguka hadi watu wa foleni wakaanza kunung'unika. Phares alimpa mkono mbele ya wote, akacheka, akasema kweli Homy ni mlevi. Halafu akaenda kushusha magunia mlangoni kwa Kivuva, shati limelowa jasho, akijizuia asimtazame mwenye nyumba.

Nthenya alingoja watoto walale.

"Umeshinda nini, Baba Mbithi?"

Ndengu zilipikwa, zikaiva upesi kama ndengu mpya zinavyoiva, watoto wakaomba ziongezwe. Yeye alisukuma sahani. Majuto ni mjukuu, husema watu, huja baadaye. Kwake hayakuchelewa hivyo, yalifika pamoja na magunia. Jumapili gari lilioshwa kimya. Phares naye hakumkejeli hata kwa neno moja, na afadhali angemkejeli.

Zile wiki mbili alizoahidi zilipita. Kwanza palikuwa na hesabu ya stoo kiwandani, kisha mafua, kisha haya tu, haya ya kawaida ya mtu mzima aliyemdanganya mama yake. Agosti ndipo alipojipa moyo. Mbaazi zilikuwa zimekomaa Mbooni. Aling'oa viti vyote vya nyuma akaviegemeza sebuleni, akabaki na kiti chake tu na cha pembeni yake, nyuma pakawa ukumbi. Alirudisha jeki na gurudumu la akiba. Alimwambia Nthenya kwamba atarudi na gari limekaa chini hadi egzosi ikwaruze lami, na Nthenya, kwa mara ya kwanza tangu Pasaka, akamwekea thamosi.

Mama alimpokea kwa furaha isiyo na doa. Alimchinjia kuku, akamwekea kiti kizuri kivulini, akauliza habari za Phares na Perez na watoto wao kwa majina. Kivuva alikula akiangalia mlango wa stoo. Ulikuwa wazi, na magunia ya mbaazi yalionekana, yamejaa, yamepangwa. Aliponawa tu akasimama, akasema amekuja kuyapakia, ametoa viti vyote, gari ni tupu kama ghala.

Nzisa alimshika mkono, akamketisha tena. Magunia yale, alieleza taratibu, tayari yana mwenyewe. Kesho asubuhi lori la mfanyabiashara wa soko la Tawa litayapitia. Neno limeshatoka, na neno halirudishwi. Asidhani kwamba mama amekasirika. Alikuwa amemwonea huruma tangu Pasaka. Alikuwa akiwaambia kina mama wa kanisa kwamba mwanawe alinunua gari kwa jasho lake na kumbe walimuuzia lenye springi mbovu, na wakaliombea. Yeye mzazi angewezaje kumwongezea mzigo mtu ambaye tayari ameonewa?

"Siku ukipata nafasi," alisema, "muulize Phares alilinunua wapi lake. Lile ni gari la nguvu."

Kivuva alifungua mdomo. Ukweli ulikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi: springi ni nzima, mwaitu, zilikuwa nzima siku ile. Lakini kuusema ilikuwa ni kumwambia kwamba mwanawe aliitazama kazi ya mikono yake akaona dizeli. Uongo wake ndio uliokuwa umemfunika mama asiumie, na sasa ndio uliomfunga yeye. Alifumba mdomo.

Mama aliingia ndani akatoka na kifurushi cha mbaazi, kimefungwa kwenye kipande cha leso, ukubwa wa kumtosha mtu kupika mara moja. Alikuwa amekipima vizuri. Alikipandisha na kukishusha kiganjani, akijaribu uzito wake, kisha akamwekea mwanawe mikononi na kumtazama usoni kwa wasiwasi.

"Hiki gari litakiweza?"

"Litakiweza, mwaitu," alisema Kivuva.

Akaingia garini. Mama alimpungia hadi alipofika kwenye kona, na gari tupu likashuka mlima likirukaruka juu ya kila jiwe, yeye akiendesha kwa mkono mmoja, na mwingine ukiwa umekishika kile kifurushi mapajani.