Pua ya Mavyaa

Nilipoolewa mtaa wa Mkomani nikitokea kisiwa cha Pate, nilikuta nyumba ambayo chakula chake hakikuwa na kalenda. Kulikuwa na pua ya mavyaa, basi. Achari ya maembe, ya ndimu na ya pilipili zilikaa katika chupa za midomo mipana kwenye vidaka vya ukuta wa sebuleni, na hakuna chupa iliyoliwa kabla mama mkwe wangu hajainusa na kutoa hukumu. Majirani nao walileta za kwao. Alinusa, akafumba macho, akasema "njema" au "mwaga", na hakuna aliyekata rufaa.

Ila kupanga hakujua. Achari mpya aliiweka mbele, wageni waione rangi yake, na ya zamani ikasukumwa nyuma mpaka ikasahauliwa. Mimi nikabandika tarehe kwenye vifuniko, nikazileta zile kuukuu mbele ziliwe kwanza. Akaniambia, "Mwanangu, nyumba hini ina ndia zake," akazirudisha nyuma. Alipokwenda kuswali, nikazirudisha mbele. Tuliishi hivyo miaka, kila mtu na ukaidi wake.

Mwaka jana alishikwa na mafua mabaya. Akapona, tukashukuru. Ramadhani ilipoingia, akatoa nyuma kabisa ya kidaka chupa ya maembe ambayo tarehe yake ilikwisha liwa na mafuta na kifuniko chake kimevimba. Nilipoifungua ilitoa fyuu, ikatoka mapovu bila moto, na paka akaondoka chumbani. Mavyaa akanusa.

"Njema," akasema. "Tia mezani."

Mume wangu, shujaa wangu, akatazama boriti za dari. Mimi nilikwisha fungua mdomo, maana hasira zangu hazikai mbali, nikamwona mavyaa ananusa tena, polepole, kama mtu anayepapasa ufunguo gizani. Hapo nikajua kwamba pua haikupona. Nilimwonea huruma, na kumwonea mavyaa huruma kulikuwa jambo geni kwangu. Mtaa mzima ulimjia kwa ile pua. Bila pua, nani angebisha hodi?

Basi nikaiangusha chupa sakafuni.

"Mikono ya Kipate hiyo," akasema.

Nikazoa vigae, nikapiga deki. Siku za baadaye nikavunja nyingine iliyoota ukungu, kisha ya tatu iliyonuka soksi. Mume wangu akaninunulia chupa za plastiki, na mavyaa akautukana ukoo wangu mpaka babu wa mababu. Nilijisemea, funika kombe mwanaharamu apite.

Kisha jirani mmoja akaja na achari yake ya ndimu. Wakwe zake walikuwa wanakuja kufuturu, akataka hukumu. Chupa ya jirani haivunjwi. Nikasimama mlangoni nikipiga hesabu: mavyaa akisema njema nayo si njema, wageni wataumwa matumbo, na habari ya pua itafika kila baraza. Aliishika ile chupa, lakini hakuinusa.

"Iwate hapa, Bi," akasema. "Nitainusa nikisha kuswali alasiri."

Jirani akaenda zake. Mavyaa akaniita nikae karibu.

"Vyombo vyangu utavivunda hata lini?"

Kumbe matusi yote yale alikuwa akinitukana huku anajua kwamba nazivunja makusudi. Akanisogezea chupa.

"Nusa wewe. Kisha nambia mimi nimenena nini."

Nikaitazama vizuri kwanza. Kifuniko kilikuwa bapa, ukungu hakuna, mafuta yamezifunika ndimu zote. Nikanusa, nikasikia ndimu na pilipili tu.

"Umenena njema, mama," nikamwambia.

Jirani aliporudi, mavyaa aliinua chupa puani, akafumba macho, akakaa vile vile kama zamani.

"Njema," akasema. "Lakini munyu umetia haba."

Hilo la chumvi mimi sikumwambia, na chumvi haina harufu.