Nzuri ya Uongo

Ukiulizwa habari, unajibu nzuri. Hata umetoka makaburini sasa hivi, nzuri. Ndivyo tulivyolelewa, na mie sikatai, salamu ni salamu. Lakini neno hilo lilitaka kuniulia mwanangu.

Ni binti yangu wa mwisho, fundi cherehani, tunakaa wote hapa Chang'ombe. Ghafla akaacha kushona. Hakufiwa, hakuachwa, hakuna aliyemgusa. Anakaa tu ukingoni mwa kitanda, nywele hajachana, chai ya maziwa inapoa mbele yake mpaka inafanya utando. Watu wakija anaitikia vizuri, wakiondoka anarudi kulekule. Siku moja nikamuuliza usoni, "Unataka kufa?"

"Mama, nimechoka kuwepo."

Sikulia. Nikamwambia avae viatu.

Hospitali wakasema ni sonona, ugonjwa kama magonjwa mengine, na unatibika. Wakampa vidonge na mshauri wa kuzungumza naye. Daktari, binti mdogo tu, akatuambia vidonge hivyo si kama vya kichwa, unameza saa hii unapoa saa hii. Vinachukua wiki kadhaa kushika, na asiviache mwenyewe hata akijiona mzima.

Wifi yangu aliposikia alikuja mbio, kaingia na viatu vyake.

"Wifi, mtoto ana kitu huyo. Unampaje vidonge vya wehu?"

"Kitu gani?"

"Unakijua. Nyumba hii lini mmetia ubani?"

"Tumetia asubuhi. Nawe umeingia vilevile."

Akanuna. Jirani aliyekuja naye akadakia, eti anadeka, angekuwa na watoto watano sonona angeipatia wapi nafasi. Nikamwambia, "Mumeo ana sukari. Nenda kamwambie naye aache kudeka, dawa atupe." Wakaondoka wote wawili. Chai sikuwapa.

Siku ya kurudi hospitali foleni ilikuwa ndefu, na daktari yuleyule kachoka. Akaniamkia shikamoo, nikamwitikia, akamgeukia binti yangu.

"Dada, habari za tangu siku ile?"

"Nzuri."

"Dawa zinakukubali?"

"Vizuri tu."

"Usingizi?"

"Tunamshukuru Mungu."

Daktari anaandika tu. Akasema basi tuendelee hivihivi, tuonane baada ya miezi miwili.

"Weka kalamu chini," nikamwambia.

"Mama, naomba umwache mgonjwa aseme mwenyewe."

"Hajasema kitu! Anakuitikia salamu. Umemuuliza habari, ulitaka akujibuje? Umemwona Mswahili gani anajibu mbaya? Jana huyu kaniambia tena kachoka kuwepo, leo kwako anamshukuru Mungu. Muulize kitu, usimwamkie!"

Nilipiga kelele, waliokuwa nje wakachungulia. Wachungulie. Mwanangu kainamisha kichwa kwa aibu, na aibu yake sikuijali, maana aibu ndiyo iliyokuwa inamzika.

Daktari akafunga mlango, akasogeza kiti karibu naye.

"Wazo la kujiua lipo?"

"Lipo."

"Hata leo?"

"Hata leo."

Hakurudi nyumbani siku hiyo. Walimlaza, wakambadilishia dawa, mshauri akawa anakaa naye kila siku. Aliporuhusiwa, vidonge nilivitunza mie, nampa mkononi, anameza namwangalia. Jioni namtoa tunatembea mpaka barabarani, atake asitake. Alinichukia. Na anichukie, ila awepo.

Haikuwa haraka. Wanaokwambia mtu kaombewa kaamka mzima, waulize wenyewe, mie sikuona hivyo. Alianza kulala. Akaanza kuoga bila kusukumwa. Baadaye sana nikasikia cherehani, kidogo, halafu ikanyamaza.

Wifi akarudi tena, safari hii na maneno laini. "Si kashapona? Basi aache hayo madawa, yatamharibu."

Nilikuwa navuta pumzi nimjibu, sauti ikatoka ndani.

"Shangazi, dawa naacha daktari akisema. Na wewe mama, umekaa hapo unagombana huku maharage yanaungua! Kila siku kula masizi, kwani mie mbuzi?"

Mtoto wa kumjibu mama yake hivyo, siku nyingine ningemfuata na mwiko. Siku hiyo sikumgusa. Nikaingia jikoni. Yalikuwa yameungua kweli.