Nyota Kongwe ya Kusini

Ipo siku moja nisiyoisahau, mwanangu, ingawa siku hizi nasahau hata nilipoweka fimbo. Ngoja nikae kwanza. Haya magoti!

Nilikuwa kijana, na baba yangu mkubwa ndiye aliyekuwa mtunza ndiva yetu huku Myamba. Ndiva unaijua: bwawa linajaa maji ya mfereji usiku, alfajiri linazibuliwa, na mtunzaji anayafuata maji na jembe lake mpaka shamba la mwenye zamu. Kazi hiyo aliifanya tangu sijazaliwa. Alikuwa na uso uliokuwa mwekundu kwa jua na sauti nene, na kila aliyepita alimwambia, "Shikamoo baba, bado chuma!" Naye aliitikia marahaba, akaendelea kuzoa tope.

Alfajiri hiyo tulikuwa watatu ukingoni: yeye, mimi, na binamu yangu, mtoto wa shangazi, aliyefundisha sekondari kule Usangi akiwa amekuja likizo. Upande wa kusini, juu ya mlima, kulikuwa na nyota ya rangi ya chungwa, inang'aa kupita jirani zake. Nikasema, "Ile ndiyo yenye nguvu."

Binamu akacheka. "Ile ni kizee. Ujanani haikuwa kubwa hivyo. Moto wa katikati umeishiwa kuni, ndiyo maana imevimba na kubadilika rangi. Inaelekea mwisho wake."

Baba mkubwa akalichomeka jembe kwenye tope.

"Kumbe ni mimi huyo," akasema. "Nimewaambia nimechoka, mkanijibu bado chuma. Nimewaambia mgongo unauma, mkanipigia makofi. Hamnisifu kwa kunipenda nyie. Mnanisifu ili nisiketi."

Lo! Tuliinamisha vichwa. Mzee akashika njia ya nyumbani, hakugeuka nyuma. Kule chini mahindi yalikuwa yameanza kunyauka na mwenye zamu anasubiri, basi nikalichomoa jembe mimi.

Hakufaidi pumziko lake. Alikaa barazani akiota jua na kunywa uji, na kabla masika hayajafika tukamzika. Iliniuma, na bado inaniuma, kwa sababu nguvu zake za mwisho tulikuwa tumeshazila sisi kwa maneno matamu. Kweli, mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi.

Jembe liko kwangu mpaka leo. Nanyi mkipita na bodaboda mkishuka Same mnanipungia mkono: "Babu, uko fiti!" Fiti wapi? Nimechoka, mwanangu. Nimechoka kweli, na sioni haya kusema.

Wazee walinena, ukiona vyaelea, ujue vimeundwa. Mimi naongeza: ukiona vyang'aa, ujue vinaungua. Usimsifu mzee kwa kazi unayoweza kumpokea. Mpokee mapema, akiwa bado anaweza kukaa na kucheka na wajukuu. Mabega ya kubeba jeneza hayajawahi kukosekana hapa kijijini; ya kupokea jembe ndiyo shida.

Kwa hiyo kesho alfajiri nenda wewe ukaizibue ndiva, mimi niache nilale. Mungu akupe mgongo mzima, zamu yako isikose maji, na siku utakaposema umechoka, akupe mtu wa kukuamini.