Hadithi Namba Saba

Dada yangu mkubwa alifua na kupiga pasi mashuka ya hospitali kwa miaka ishirini na miwili. Wenzake walimwita Mama Shuka. Mungu alimchukua mwezi uliopita. Mimi mdogo wake ninaandika haya ili wanawe wajue siku niliyomwogopea kuliko zote, kuliko hata ile ya mwisho.

Ilikuwa Jumamosi mchana, katika maktaba iliyo ng'ambo ya barabara kutoka hospitalini. Mkutubi alikuwa ameandaa mashindano ya kirafiki ya hadithi fupi, zawadi ikiwa chupa ya chai, na tulikuwa washiriki kumi na mmoja. Hadithi zilikuwa na namba tu, bila majina ya waandishi. Mkutubi alizipiga chapa zote ili mwandiko usimchongee mtu, kisha kila mmoja akachota moja ndani ya kikapu, asome ya mwenzake.

"Mama Shuka, umeandika nini, hesabu ya foronya?" mshiriki mmoja, kinyozi, alimtania.

"Nimeandika habari za kinyozi aliyemkata mteja sikio. Kesho yake mteja akarudi tena, maana walipomwonya hakusikia."

Tulicheka mpaka mkutubi akagonga meza.

Mimi nikachota namba saba. Dada aliichungulia, kicheko kikamwishia mdomoni.

"Badilisha hiyo, dogo. Ni ndefu."

"Si kurasa mbili tu, dada?"

Nikasimama, nikaanza kusoma.

Ilikuwa habari ya mwanamke aliyegusa uvimbe titini, mdogo kama punje ya mahindi, akanyamaza miezi minane. Mwanzo wake ulichekesha. Mwanamke yule aliusalimia uvimbe kila asubuhi, akauuliza kama umelala vizuri na unanuia kuhama lini. Watu walicheka, nami nikacheka nikisoma. Kisha nikafika mahali alipokuwa kazini, akikunja mashuka, na kila shuka alilokunja alimwombea atakayelilalia.

Nikashusha sauti. Duniani nilimjua mtu mmoja tu aliyekunja shuka hivyo. Niliwahi kumsikia mwenyewe, midomo ikimtembea juu ya mvuke wa pasi.

"Sauti, bwana!" kinyozi akapaza.

Nikaendelea. Mwanamke hakwenda kwa daktari, kwa sababu alijua jinsi mashuka ya wodi ya saratani yanavyorudi kufuliwa. Hadithi iliishia hapo. Sikuthubutu kuinua macho. Moyoni nilisema, Ee Mungu, iwe ya kutunga. Niliposhindwa kuvumilia nikamtazama: alikuwa ameukumbatia mkoba wake kifuani kama ngao.

Baada ya hadithi zote kusomwa, tulipiga kura.

"Namba saba imeshinda," mkutubi akatangaza. "Mwenyewe asimame tumjue."

Hakuna aliyesimama.

"Basi, hiyo chupa ya chai nichukue mimi," kinyozi akasema. "Aibu sina."

Nikasogea nikakaa kando ya dada. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Sisimami," akaninong'oneza. "Nikisimama itakuwa kweli."

"Dada, ni kweli tayari."

"Naogopa, mdogo wangu."

"Hata mimi naogopa. Twende tukiogopa hivyo hivyo."

Kisha akasimama. Watu walipiga makofi na vigelegele, kinyozi akampa mkono, akisema kumbe Mama Shuka anajua kutunga. Dada alipokea chupa, akashukuru, akatembea moja kwa moja hadi mlangoni. Nikamfuata. Pale kizingitini nikamshika kiwiko.

Tulivuka barabara. Hatukuingia kwa mlango wa nyuma, ule wa wafuaji. Tulipita mlango wa mbele, tukapanga foleni pamoja na wagonjwa wengine. Karani alipouliza shida ni nini, dada aliitaja kwa sauti, mara moja tu.

Baada ya vipimo, daktari alisema tumechelewa, ila si kabisa. Mungu alituongezea miaka miwili na miezi minne, naye hakukaa hata siku moja ya miaka hiyo akiwa na siri.