Chumba cha Mbele

Mwaka ule nilipata kazi ya muda ya kuzunguka mitaa ya Malaba, mji wa mpakani, nikiangalia watu wanavyoishi: nani analala wapi, paa linavuja namna gani, choo kiko wapi, na ni nyumba ipi ina mgonjwa, mkongwe au mtu mwenye ulemavu anayepaswa kufikiriwa kwanza makazi yakija kuboreshwa. Asubuhi nilitoka kwetu Busia, nikifika naingia kwa miguu nyuma ya maegesho ya trela, kwenye ploti za vyumba vya kupanga ambazo mtu wa barabarani hazioni.

Watu hawakunifurahia. Uvumi ulikuwa umenitangulia kwamba anayeulizia nyumba anatafuta pa kubomoa. Mama mmoja aliniambia wao hapo hawana shida yoyote, na huku nyuma yake naona beseni limewekwa kitandani kukinga maji ya mvua. Basi nikajifunza kuomba kiti kwanza. Nilikaa, nikawaeleza kwamba sikubeba rangi ya kuchora alama ukutani, na kwamba hata mimi nimepanga na jikoni kwangu kunavuja. Maswali yalifuata baadaye.

Katika ploti moja, mlango wa mwisho kabisa ulikuwa na kufuli kwa nje. Nikauliza nani anakaa pale. Mwanamke aliyekuwa akifua akasema ni stoo. Hajamaliza kusema, mtu akakohoa ndani.

"Ni stoo," akarudia, kwa sauti ya chini, bila kunitazama.

Sikubishana naye. Nilirudi jioni, jua bado lipo, nikamkuta mwenye ufunguo: mama anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, ng'ambo ya mpaka, amerudi na ndoo yake kichwani. Aliponiona alisimama mlangoni kama anayezuia. Ilichukua muda mpaka akakubali kufungua.

Ndani alikuwa kaka yake, mzee mwenye ndevu nyeupe, ameketi juu ya godoro. Alinisalimu kwa Kiteso, "Yoga," nami nikaitikia kwa kile kidogo ninachokijua. Zamani alikuwa utingo wa malori. Lori lilimbana karibu na mizani ya kupimia malori, na tangu hapo miguu haikumbeba tena. Dada yake akaeleza kwamba hamfungii kwa ubaya. Mtaro wa maji machafu ulipita chini ya kizingiti. Siku moja mzee alijikokota kutoka, akatumbukia, akaokolewa na wafuaji nguo. Na mlango ukiachwa wazi, wezi huingia. Blanketi yake ilichukuliwa akiangalia. Majirani wote walijua. Walimpitishia uji mchana kwa dirisha la ubao, lililofungwa muda wote mwingine kwa kuogopa wezi, na walinidanganya kwa sababu waliogopa nitampeleka kwenye makao ya wazee asikojulikana.

Nikamuuliza mzee mwenyewe anahitaji nini.

"Sitaki nyumba mpya, dada," alisema. "Nataka mlango ambao naweza kutoka peke yangu."

Ploti hiyo ilikuwa na chumba chenye mlango kama huo. Kilikuwa mbele, kimetazama barabara, sakafu ya simiti, hakina ngazi wala mtaro. Mwenye ploti alikitumia kuwekea magunia ya mchele na sabuni za duka lake. Nilimwendea dukani. Alikuwa mama wa Kiislamu, mwenye heshima zake, na alinikaribisha vizuri mpaka aliposikia nilichojia. Akauliza bidhaa zake aziweke wapi, juu ya kichwa changu? Sikuwa na mamlaka ya kumlazimisha. Ripoti yangu ingefika ofisini, na huko ingengoja zamu nyuma ya ripoti nyingine. Nikamwomba jambo moja tu: aende akae na mzee yule mchana, mlango ukiwa umefungwa, kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Alikasirika, akasema sitamfundisha mambo ya ploti yake. Nikaondoka nikidhani nimeharibu.

Kazi ikanihamishia upande wa Angurai na Moding. Mvua kubwa zikaanza. Asubuhi moja, nikiwa stendi ya Busia, mwendesha boda boda akawaambia wenzake kwamba nyuma ya trela za Malaba kuta zimeanguka usiku. Nikapanda gari la Malaba. Njia nzima niliona kufuli tu.

Ukuta wa nyuma ulikuwa umelalia ndani. Mabati yamekaa mahali pale pale palipokuwa godoro, na tope limejaa mpaka karibu na dirisha. Mlango peke yake ulikuwa umesimama. Nilishika fremu yake nikachungulia ndani.

Yule mwanamke wa kufua alikuwa akizoa tope kwa karai. Alipouona uso wangu akaacha kazi, akaja akanishika mkono.

"Yuko mbele, madam. Tulimhamisha wiki iliyopita."

Nilimkuta mzee kwenye chumba cha magunia, ameketi mlangoni kwenye mkeka, kikombe mkononi, akilalamika kwamba chai haina tangawizi. Nilikaa chini kando yake kwenye simiti, nikalia, kisha nikacheka, na yeye akanipa kikombe chake ninywe.

Mwenye ploti alikuja baadaye akiwa ameshika ncha ya buibui lake isiguse maji. Alisimama kando yetu. Kisha akasema, akitazama barabara, "Niliingia nikakaa naye. Nje jua linawaka, na mimi sioni hata mkono wangu. Mchele umehamia sebuleni kwangu, watoto wanaukalia."

Nikamshukuru. Akasema nisimshukuru, ni ploti yake.

Hakuna aliyefariki usiku ule. Familia zilizobomokewa zilikuwa zimelala, baadhi msikitini na nyingine kanisani, na sasa kina mama walikuwa wanabishana ni wapi watapikia. Mzee aliuliza kama kuna aliyeumia, akarudia swali lile lile mpaka akaridhika. Mwenye ploti akaniambia ana godauni lingine lenye paa zuri, nije nione kama watu wanaweza kukaa humo mpaka kuta zijengwe. Tukaenda pamoja, tukiruka madimbwi, yeye mbele mimi nyuma, na njiani alinionyesha nyumba moja baada ya nyingine, akiniambia kila mlango nani yuko ndani na ana shida gani.