Nilivyojifunza Kukosea

Nimefundisha densi miaka ishirini na miwili katika ukumbi ulio juu ya gereji ya matairi. Shule sikwenda. Baba alisema kumsomesha mtoto wa kike ni kumwagilia mchanga, akampeleka kaka yangu. Kaka alipofariki, binti yake nilimlea mimi. Nikamsomesha kwa jasho la miguu hii hii, na jioni nikamfundisha kila hatua ninayoijua. Leo yeye ndiye mkurugenzi wa kikundi chetu. Mimi ndimi ninayepiga deki.

Kumbi za kuchezea zilikuwa nyingi jijini. Mmoja sasa ni duka la makochi, mwingine wameujaza mifuko ya saruji. Wachezaji niliowatengeneza kwa mikono yangu wanalinda mageti. Mwenye jengo letu naye akatupa mpaka mwisho wa mwezi: tulipe kodi, au tutoke ang'oe mbao za sakafu aziuze.

Binti yangu, maana ndivyo ninavyomwita, akaandika barua kwa wafadhili. Siku jibu lilipokuja alinikuta nimepiga magoti, kitambaa cha deki mkononi.

"Shangazi, wanakuja kesho kutuona."

"Afadhali. Nitawachezea ile ya mizunguko saba, wakasimulie kwao."

Akatazama ndoo. "Hawatoi pesa kwa wanaojua, shangazi. Wanatoa kwa wanawake ambao hawajawahi kucheza, wakainuliwa na densi. Niliandika wako kumi na wawili. Nimepata kumi na mmoja."

"Na wa kumi na mbili?"

Macho yake yakarudi kwangu. Nikaelewa.

"Ukoseekosee tu," akasema. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Na hapa nimefanya nini, mwanangu? Nimesimama?"

Mpiga ngoma wetu, tunayemwita Radi, alikuwa anakaza ngozi pembeni. "Mkimaliza," akasema, "mwambieni na samaki ajifanye anazama."

Nilitaka kukataa. Kisha nikazitazama zile mbao. Kila ubao naujua unapolia na unaponyamaza. Nikikataa, zitaondoka kwenye lori.

Wageni walikuwa wawili, mwanamke mwenye daftari na mwanamume mwenye kamera. Yule mwanamke akaniuliza kwa upole, "Mama, uliwahi kucheza kabla ya kuja hapa?"

Nilihisi macho ya binti yangu shingoni.

"Kucheza? Miguu yangu ilijua njia ya sokoni tu."

Akaandika.

Kukosea si kazi ndogo. Asiyejua hukosea bila kutaka. Mimi ilibidi niisikie ngoma kwanza, ndipo niikimbie. Wenzangu walipokwenda kulia nikaenda kushoto. Nikamkanyaga jirani yangu, akanong'ona, "We bibi, una ugomvi na mimi?" Binti yangu akaita kwa sauti tamu, "Taratibu, mama, utaweza!"

Mama. Hata ushangazi alikuwa ameuacha mlangoni pamoja na viatu.

Hapo Radi, kwa mazoea, akapiga ule mlio wa kugeuka. Mlio huo nilimfundisha mimi. Nyonga ikaanza kuzunguka kabla sijaiambia. Nikaikamata katikati ya mzunguko, goti likalia kama ukuni mkavu, nikaanguka. Binti yangu akakimbia kuniinua, na kamera ikawaka. Mwanamke mwenye daftari alifuta machozi.

Pesa zimetoka, za miaka mitatu. Ukumbi upo. Lakini barua ya wafadhili ilisema mwalimu awe na cheti, basi ameletwa msichana mwenye cheti, anayehesabu kwa mdomo kwa sababu ngoma haimwingii masikioni. Picha yangu nikiwa chini imetundikwa mlangoni. Nilimwomba Radi anisomee maandishi ya hiyo picha.

"'Mwanafunzi wetu akianza safari,'" akasoma, kisha akageuza uso. "Usinitazame hivyo, dada. Mimi nimesoma tu."

Wanafunzi wapya wakipita hunipiga begani na kuniambia nisikate tamaa, hata wao walianza hivyo hivyo.

Wafadhili watarudi kila mwaka kuona maendeleo. Juzi binti yangu alinifuata nikiwa napiga deki, goti nimelifunga kitambaa. Ameshapanga yote kwenye karatasi. Mwaka huu nijue hatua tatu, nisizidishe. Nikijitahidi, mwakani nitaruhusiwa kugeuka.