Kijiko Alijua Karata Zangu

Kuna mchezaji mmoja wa poka mtandaoni alikuwa anajua nina karata gani kabla mimi mwenyewe sijazitazama vizuri.

Sitanii. Nikiwa na karata mbovu nikajitutumua kuongeza dau, ananipandishia juu yake mpaka naachia. Nikiwa na karata za maana, anatupa zake na kunyamaza kama hayupo.

Jina lake mezani lilikuwa Kijiko. Picha hana, maelezo hana, salamu hajibu.

Niwaweke sawa kwanza. Mimi ni fundi miwani. Mchana nakata lenzi na kubana fremu. Jioni nilikuwa najifungia kwenye chumba chetu cha ziada, nafungua meza nne kwa mpigo. Sikuwa nachezea hela, mke wangu asingekubali. Ni pointi na ligi tu. Lakini ligi ile, bwana wee, ilikuwa imeniingia kwenye damu.

Na si zile meza za watu tisa za kusinzia. Mimi ni wa meza za watu sita, wakati mwingine tunabaki wanne. Meza ya watu wachache haikuachi ukae unasubiri karata nzuri. Zamu ya kuweka dau la lazima inakurudia haraka, ukizubaa unaliwa kidogo kidogo. Inabidi ucheze hata na takataka, uongeze dau, uwapige watu mkwara.

Sasa kupiga mkwara kwenye meza nne kwa wakati mmoja ni kazi. Nikajiwekea utaratibu: karata za namna hii ongeza, za namna ile tupa, ukipandishiwa na huna kitu tupa upesi uhamie meza nyingine. Kufikiri hakuna, vidole vinajua. Nikaingia kumi bora ya ligi, kichwa kikavimba.

Ndipo mama mkwe akaja kututembelea.

Hakukaa sana, akakiomba kile chumba. Alisema kwa upole kabisa kwamba kinahitajika. Sikuuliza cha nini, nilidhani ni mambo ya masanduku yake. Mkwe humkatalii usoni, kwa hiyo nikaanza kuzungukazunguka: mama, kile ni kama ofisi yangu, mama, mle kuna nyaya nyingi. Mke wangu alikuwa palepale anakunja nguo, hakutia neno.

Mama akataka kuiona hiyo ofisi yenyewe.

Nikajua nimempata. Nikamvutia stuli, nikammwagia elimu yote. Nilimwambia mchezaji mzuri hatazami karata, anatazama watu. Nikamwambia ukimwinda mtu kaa kushoto kwake, maana yeye ataamua kwanza na wewe utaamua ukiwa umeshamwona. Tena, anayejibu harakaharaka ujue amefungua meza nyingi, huyo hafikirii, msukume tu ataachia. Mama anaitikia kwa kichwa, anauliza vimaswali vya kitoto, nami namjibu huku nacheka moyoni.

Alipotosheka akasema, "Basi mwanangu, tufanye hivi. Mwezi ukiisha bado uko kwenye hiyo kumi bora, chumba ni chako, sitakitaja tena. Ukitoka, unakihama."

Nilikubali hajafika hata mwisho. Nilikuwa wa nne, nani wa kunitoa?

Haikupita muda, Kijiko akatua.

Mwanzoni nilimwona mgeni tu, anapoteza pointi ovyo, nikamcheka. Halafu akaanza kukaa kushoto kwangu. Nikihama meza, anahama. Naongeza dau, anapandisha, natupa. Naongeza tena, anapandisha tena, natupa tena. Nikashuka mpaka wa sita, nikashuka mpaka wa nane.

Nikabadilisha nywila nikidhani nimedukuliwa. Nikaziba kamera kwa plasta. Siku moja nikazima taa nikacheza gizani, eti labda kuna mtu ananichungulia dirishani. Kijiko akanipiga humo humo gizani.

Kazini mambo yakaharibika. Mteja mmoja nilimwekea lenzi ya kulia kushoto, akarudi analalamika kwamba ngazi zinamfuata. Nyumbani nikaacha hata kula na wenzangu, sahani naletewa mlangoni. Ni aibu na mkwe yupo, najua. Lakini kile chumba nilikitaka kwa roho yangu yote. Huko nje mimi ni fundi wa kugombezwa na wateja. Humo ndani nilikuwa mtu.

Jioni ya mwisho ya mwezi ikanikuta niko wa kumi, nimening'inia kwa kucha. Kijiko yuko palepale kushoto, tumebaki watatu kwenye ile meza. Mkononi nina takataka, akanipandishia kama kawaida yake.

Wakati huohuo meza nyingine ikanipa wafalme wawili, karata za maana hasa.

Meza zote nne zinanililia niamue. Nikataka kutupa takataka za huku na kuweka kila kitu kwenye wafalme wa kule. Vidole vyangu, vile vinavyojua, vikafanya kinyume. Wafalme nikawatupa. Na takataka zangu nikaziwekea pointi zote nilizonazo, mbele ya Kijiko.

Kijiko akatulia. Akatumia muda wake wote, kitu ambacho mimi sikuwahi kufanya. Kisha akaweka pointi sawa na zangu, akanizoa mpaka ya mwisho.

Nikaishiwa pozi. Nikaandika kwenye sehemu ya maongezi: wewe ni nani?

Kwa mara ya kwanza Kijiko akajibu. Aliandika: "Njoo ule, chakula kinapoa."

Nilidhani ni kejeli za mtandaoni. Nikaisoma tena. Halafu nikasikia kicheko sebuleni.

Nilitoka mbio. Mama mkwe amekaa kwenye kochi, tableti ya mke wangu mapajani, puani ana miwani niliyomtengenezea mwenyewe. Mke wangu amejiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Mama, ni wewe?"

"Si umenifundisha mwenyewe?"

Nikaanza kubisha. Nikamwambia wanaojua hayo ni wengi na hawakuwahi kuniweza, sasa yeye mgeni alinisoma vipi namna ile. Akaweka tableti pembeni, akaacha kucheka.

"Sikuhitaji kukusoma sana," alisema. "Ukiwa na takataka unaongeza dau papo hapo, ukiwa na karata nzuri unasita kidogo. Unacheza kama unavyomjibu mwanangu. Mtu hajamaliza kusema, umeshajibu, na ulichojibu hukijui."

Nikamgeukia mke wangu kuuliza mama ana maana gani.

Akashusha mikono mdomoni. "Kabla mama hajaja nilisimama kwenye mlango wa kile chumba, nikakwambia nina mimba. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Sikukumbuka. Jamani, hata kwamba alisimama mlangoni sikukumbuka.

"Ulisema, 'Sawa, iweke juu ya kabati, nitaiangalia.'"

Mama mkwe alijikaza asicheke, akashindwa, akaenda jikoni kuchekea huko. Mimi nilisimama pale natamani sakafu inimeze. Mke wangu alikuwa amelia usiku ule, akampigia mama yake, na akaapa hatarudia neno mpaka nitoke mwenyewe nimuulize. Sikuwahi kumuuliza. Chumba kilikuwa cha mtoto wangu, nami nilikuwa nakigombania na mkwe kwa jeuri zote.

"Sasa narudia," akasema. "Ila safari hii usinijibu haraka. Nina mimba."

Nilimtazama. Nikaona alivyokonda uso, nikaona yale aliyoyapitia peke yake upande wa pili wa ukuta. Machozi yakanitoka, wala sikuyaficha.

"Umenisikia?" akauliza.

Nikamwambia nimesikia.

Nyaya nilizing'oa kesho yake, na rangi ya kuta akachagua yeye. Mama mkwe ameongeza siku za kukaa. Anasema anamsubiri mjukuu, ila mimi najua anasubiri ligi iishe, maana yuko wa tatu na hataki kusumbuliwa.

Wewe unayesoma hapa huku unaitikia "mm" kwa mtu aliyekaa karibu yako, weka simu chini umuulize amesema nini. Omba tu iwe ni habari ya chumvi kuisha.